Barua ya wazi kwa Waziri wa Maveterani wa Marekani: kompyuta ilirudi, namba zetu je?

Mheshimiwa Waziri, na waheshimiwa wa kamati za maveterani katika Baraza la Wawakilishi na Seneti, shikamooni.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Jeshi lenu lilinichukua kwa sababu ya lugha hii. Kuanzia 2009 mlikuwa na mpango mliouita MAVNI, wa kuwaandikisha wahamiaji wenye ujuzi wa tiba au lugha mlizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Watu zaidi ya 10,000 walipita mlango huo kabla haujafungwa 2016. Kwa hiyo wasaidizi wako wakishindwa kuisoma barua hii, wasihangaike kutafuta mkalimani mitaani. Mnao ndani, mliwalisha na kuwavika wenyewe. Sababu ya pili ni wenzangu. Wapo wazazi wengi wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo katika nchi hii ambao watoto wao wamevaa kombati hivi sasa, na habari ninayoileta hapa, ya namba za utambulisho za maveterani zilizoibwa 2006, hawajawahi kuisikia kwa lugha wanayogombezana nayo nyumbani.

Najua mtaniambia ni habari ya zamani, imekwisha. Hapo ndipo tunapogombana. Nani aliyesema imekwisha?

Tarehe 3 Mei 2006, wezi walivunja nyumba ya mchambuzi wa data wa Idara ya Masuala ya Maveterani huko Aspen Hill, Maryland. Wakaondoka na kompyuta mpakato na hadi diski ya pembeni (hard disk), kisanduku cha kutunzia data, vitu vya kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ndani mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu milioni 26.5: askari walioacha jeshi tangu 1975, na wengine wa kabla ya hapo waliowahi kudai mafao. Baadhi walikuwa wameandikiwa na viwango vyao vya ulemavu. Data hazikuwa zimefungwa kwa msimbo wowote.

Yule mchambuzi aliwaambia wakubwa wake siku ileile. Baada ya hapo habari ikapanda ngazi za Idara kama mzee mwenye magoti mabovu, ngazi moja, pumzika, ngazi nyingine, pumzika. Mkaguzi Mkuu wa Idara, ambaye ndiye jicho la nyumba, hakuitwa na mtu. Ofisi yake iliokota habari tarehe 10 Mei kwa sababu mtumishi wake alikuwa amekaa kwenye kikao cha kawaida na mtu akalitaja jambo hilo kwa kupita tu. Waziri wa wakati huo, Jim Nicholson, aliambiwa tarehe 16 jioni. FBI walijulishwa baada ya hapo. Wenye namba, yaani maveterani wenyewe, walitangaziwa tarehe 22.

Siku 19, Mheshimiwa. Mimi wakati huo nilikuwa bado Tanga, sijui hata West Point iko upande gani, lakini nimezihesabu siku hizo mara nyingi kuliko baadhi ya waliokuwemo. Mtu aliyeibiwa simu Kariakoo huenda kuifunga laini kabla ya kumaliza kulia. Hapa watu milioni 26 walikuwa wakienda kazini, wakisaini mikataba ya nyumba, wakilipa karo, hawajui kwamba kitu kilicholala chini ya kila saini wanayoweka kiko mikononi mwa wavunja nyumba. Na kama ingelikuwa kweli mwizi anajua alichobeba, siku hizo 19 ndizo zingekuwa za mavuno yake.

Kisha hesabu ikaanza kuvimba. Kwanza ilisemwa ni wastaafu. Mwanzoni mwa Juni ikatoka kwamba wamo pia askari walio kazini: hadi milioni 1.1 wa jeshi la kudumu, 430,000 wa Gadi ya Taifa na 645,000 wa akiba. Piga hesabu, ni karibu milioni 2.2. Huo ni mwaka 2006. Wengine kati ya hao walikuwa vitani, Ramadi huko Iraq na Kandahar huko Afghanistan, na ushauri waliopewa watu ulikuwa wachunguze taarifa zao za benki kwa makini. Nimewahi kukaa kambini ambako foleni ya simu ilikuwa saa mbili na simu yenyewe dakika kumi na tano. Dakika hizo kumi na tano huwezi kumpa karani wa benki. Unampa mama.

Niseme neno kuhusu yule mchambuzi, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Umma uliambiwa kwamba alikiuka taratibu kwa kupeleka data nyumbani. Hadithi ikawa fupi na tamu: mtumishi mmoja mzembe. Mwisho wa Juni zikaonekana karatasi zinazoonyesha kwamba alikuwa ameruhusiwa kutumia kompyuta ile na programu zile akiwa nyumbani. Na waziri mwenyewe alikuwa amelieleza Bunge kwamba mtu huyu alikuwa akibeba data hizo kwenda kwake tangu 2003. Miaka mitatu! Mtu anapita getini miaka mitatu na mzigo uleule, halafu siku unapoibiwa ndiyo tunamuuliza ulikuwa mzigo gani. Mkaguzi Mkuu alikuwa ameandika tangu 2001, mwaka baada ya mwaka, kwamba ulinzi wa mifumo ya Idara una matundu. Kamati ya Bunge iliyokuwa ikitoa alama za usalama wa kompyuta kwa idara za serikali iliipa Idara hii F mwaka 2005. Nyumbani mtoto akileta F anaulizwa na baba, anaulizwa na mjomba, anaulizwa hadi na jirani. Sijui nani aliuliza hapo.

Sasa nifike penye kiini. Tarehe 28 Juni mtu mmoja aliipeleka kompyuta na hadi diski yake kwa FBI huko Baltimore. Zawadi ya dola 50,000 ilikuwa imetangazwa. Wataalamu wakavipima, wakasema wana imani kubwa kwamba faili hazikufunguliwa. Agosti polisi wakawakamata vijana, wawili wana miaka 19, na maelezo ya polisi yalikuwa kwamba waliiba kompyuta kwa ajili ya kompyuta, hawakujua kilichomo. Yote haya nayakubali. Nilifurahi kama mtu mwingine yeyote nilipoyasoma baadaye.

Lakini tazameni kilichofuata. Ikulu ilikuwa imeomba dola milioni 160.5 ili kila mwathirika afuatiliwe rekodi yake ya mikopo bure kwa mwaka mmoja, mtu akikopa kwa jina lake ijulikane. Watu walikuwa wameahidiwa. Kompyuta iliporudi, ahadi ikakunjwa Julai, ikarudishwa kabatini. Kifaa kimepatikana, basi yaishe.

Pale Ngamiani, Tanga, kuna maduka ya steshenari ambako sote tulikwenda kutoa kopi za vyeti. Unampa kijana cheti chako cha kuzaliwa, anakilaza juu ya kioo, mwanga unapita, anakurudishia kikiwa na joto kidogo. Ukikitazama hakina alama. Hakina kovu. Huwezi kukishika ukasema kimetolewa kopi mara ngapi na za nani. Wenye kompyuta wanajua hadi diski nayo ni hivyohivyo: mtu anayejua kazi huichomoa, akainakili yote kwa kifaa cha nje bila kuiamsha mashine, na zile tarehe za «faili ilifunguliwa lini» zikabaki zimelala vilevile. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba kurudi kwa cheti si habari ya kopi, na Idara iliupokea kama habari ya kopi, kisha ikaweka akiba ya dola milioni 160.5 juu ya imani hiyo. Kwa maneno mengine, hatari ilibaki kwetu na nafuu ikaenda kwenu.

Namba yenyewe haibadiliki. Hilo ndilo wasioishi nchi hii hawalijui, na naomba wasomaji wangu wa Dar na Mombasa wanivumilie nilieleze. Namba ya hifadhi ya jamii, sisi huku tunaiita soshali, ina tarakimu tisa. Unapewa ukiwa mtoto, au ukiingia nchini, na utazikwa nayo. Ilianzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya pensheni, lakini leo ndiyo benki inayoitaka, mwenye nyumba anaitaka, hospitali inaitaka, mamlaka ya kodi inaitaka. Anayejua jina lako, siku uliyozaliwa na tarakimu hizo tisa anaweza kukopa kwa jina lako, kudai marejesho yako ya kodi, au kupiga simu akasema yeye ni wewe na mafao yako yaingizwe akaunti nyingine. Kubadilishiwa namba kunawezekana kwa shida kubwa, baada ya kuthibitisha kwamba umekwisha kuumizwa. Na namba iliyoibwa haichachi. Inaweza kukaa kwenye droo ya mtu miaka kumi na siku itakayotolewa ikawa mbichi.

Sisi askari hatukuichagua iwe jina letu. Ni ninyi. Kabla ya 1969 jeshi lilikuwa na namba zake lenyewe, na ikiibiwa namba ya jeshi, kilichoibiwa kilikuwa cha jeshi. Julai 1969 Jeshi la Nchi Kavu na la Anga yakaacha namba zake yakachukua soshali, na majeshi mengine yakafuata. Tangu hapo ukuruti wa kila mmoja wetu umeanza kwa kuivua namba hiyo hadharani. Mimi nilipoingia 2010 walinipa begi kubwa la kijani na kalamu ya wino mzito. Sajenti akasema: jina la ukoo, herufi ya kwanza, nne za mwisho. Nikaandika, mkono unatetemeka kwa sababu wino haufutiki. Kwa wiki kumi hakuna aliyeniita jina alilonipa babu yangu. Nguo kutoka kwa dobi, bunduki kutoka stoo, sindano ya chanjo, barua kutoka nyumbani, vyote vilitaka nne za mwisho. Kwenye vibati vya shingoni zilikuwa zote tisa, zimegongwa kwenye chuma, ili nikifa nitambulike. Vibati viliacha kubeba soshali 2015. Kumbe iliwezekana.

Askari akishastaafu, mazoea hubaki. Nitawaonyesha jambo moja nililoliona, na mahali sitapataja.

Ilikuwa zahanati, siku ya Jumatatu, ukumbi umejaa. Mbele yangu alisimama mzee wa Vietnam, kofia yake ya kikosi kichwani, kifaa cha kusikilizia sikioni. Karani nyuma ya kioo akamwomba namba. Mzee akasema nne za mwisho. Karani akasema mfumo unagoma, anataka zote. Mzee hakusikia, akainamisha sikio kwenye tundu la kioo. Karani akapaza sauti: zote tisa, baba. Basi yule mzee akajinyoosha, mabega nyuma, akazitaja zote tisa kwa sauti ya kwata, moja moja, kama anaitika mbele ya afande. Ukumbi mzima ukasikia. Kisha karani akamwomba tarehe ya kuzaliwa, na hiyo pia akaipiga kwa sauti ileile. Alipoondoka dirishani alinipita akitabasamu, ameridhika kwamba bado anaikumbuka. Nilipofika kwangu jioni nilikuta nazikumbuka tano za mwanzo bila kutaka. Hakuna mwizi aliyevunja dirisha siku ile, na karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na mfumo unagoma.

Mtu anayehitaji zahanati hana la kujadili. Ndiyo maana hasira ya maveterani kwenye jambo hili haifanani na hasira ya mteja wa duka. Mteja wa duka huhama. Sisi tukitaka dawa, tukitaka mafao ya goti lililosagika, tukitaka kuzikwa penye jiwe jeupe, ni dirisha lilelile na tarakimu zilezile.

Mara ile ya 2006 ingekuwa moja, ningekubali kuiita ajali. Agosti ya mwaka uleule, wiki chache tu baada ya kompyuta ya Maryland kurudi, kompyuta nyingine yenye data za maveterani wa Philadelphia na Pittsburgh, hadi watu 38,000, ilipotea kutoka ofisi ya mkandarasi, Unisys, huko Reston, Virginia. Januari 2007 hadi diski nyingine ikatoweka kituo cha Idara cha Birmingham, Alabama. Kwanza ilisemwa ni watu wasiozidi 48,000. Baadaye wakawa maveterani 535,000, na pamoja nao madaktari milioni 1.3. Mnaona mwendo? Idadi ya kwanza huwa ndogo, ya pili ndiyo kweli. Septemba 2020 Idara ikatangaza kwamba watu waliingia kwenye mfumo wake wa malipo ili kupora fedha za watoa huduma za afya, na data za maveterani wapatao 46,000 zikaguswa.

Tuliopita mlango wa lugha tuna donda letu pia, na hili si la Idara yako peke yake, Mheshimiwa, lakini mnakaa meza moja serikalini. Mwaka 2019 ilichapishwa habari kwamba jeshi lilikuwa limewatumia baadhi ya makuruti, kwa makosa, jedwali lenye majina na soshali za maelfu ya wahamiaji wa MAVNI. Kati yao walikuwemo watu kutoka China na Urusi. Kwa mtu wa Tanga, serikali ya nyumbani ikijua uko jeshi la Marekani, pengine utaulizwa maswali na shangazi. Kwa wengine ni kifungo cha ndugu.

Na kabla ya hapo, 2015, iligundulika kwamba wadukuzi wameiibia Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi wa serikali. Watu milioni 21.5, alama za vidole za milioni 5.6. Wengi walikuwa wamejaza ile fomu ndefu ya uchunguzi wa usalama, SF-86, inayouliza hadi ndugu walioko nje. Niliwahi kumsaidia kijana mmoja wa Pangani kuijaza. Mashine ilitaka namba ya nyumba na jina la mtaa wa mama yake mzazi. Akaniambia, kaka, kwetu hakuna namba, ni nyumba ya tatu ukitoka msikitini, yenye mwembe. Tukaandika hivyo, kwa Kiingereza, kwenye kisanduku. Nafikiri juu ya kisanduku hicho kila ninaposikia neno «tukio la usalama wa data». Yule mama hakula kiapo kwa bendera yoyote. Hajui kwamba mwembe wake unaweza kukaa kwenye seva ya watu.

Kwa haki niseme: kwa wizi ule wa 2015 Bunge liliagiza waathirika walindwe kwa muda usiopungua miaka kumi, hadi 2026. Yaani linapokuja suala la makarani na majasusi, ninyi wenyewe mlikubali kwamba namba haichachi. Maveterani milioni 26.5 waliahidiwa mwaka mmoja, nao wakanyang'anywa.

Walikwenda mahakamani. Vyama vya maveterani, kikiwemo cha wale wa Vietnam, vilifungua kesi Juni 2006 vikidai dola 1,000 kwa kila mtu. Januari 2009 ikamalizwa kwa dola milioni 20, kwa wale watakaoonyesha kwamba walipata madhara, kama wasiwasi uliowauguza au gharama za kujilinda. Gawanya milioni 20 kwa milioni 26.5, unapata kama senti 75 kwa kichwa. Na fedha hizo zilitoka hazina, kwenye kodi, ambayo maveterani nao huilipa. Nimelifikiria sana jambo hili na bado sijui kama nicheke.

Desemba 2006 mlitunga sheria, na sheria hiyo ina mambo mazuri. Inasema data zikiibiwa, hatari ipimwe na mtu wa nje ya Idara au Mkaguzi Mkuu, na ikionekana hatari ya maana ipo, Idara iwape watu ulinzi wa mikopo. Naishukuru. Ila inasema kipimo hicho kifanyike «mapema iwezekanavyo». Waheshimiwa, fundi wangu wa kushona kanzu pia husema mapema iwezekanavyo, na nimewahi kusali Idi na kanzu ya mwaka jana. Wekeni siku. Andikeni tarakimu, kama ninyi mnavyotutaka sisi tarakimu. Saa 72 tangu mtumishi wa kwanza ajue, mwenye namba naye ajue, hata kama hamjamaliza kuhesabu, hata kama mtakachomwambia ni kwamba bado mnachunguza. Ukubwa wa wizi mnaweza kuusahihisha baadaye. Siku 19 hazirudi.

Ulinzi nao usiwe zawadi ya rambirambi inayotolewa baada ya msiba na kuondolewa msiba ukionekana mdogo. Kila mtu mliyemchukulia namba na kuipoteza afuatiliwe maisha yake yote, na akidhuriwa, kazi ya kuthibitisha isiwe juu yake. Mzee wa miaka 78 atawezaje kuonyesha kwamba mkopo wa gari uliochukuliwa kwa jina lake Arizona umetokana na hadi diski iliyopotea Alabama na si na wizi mwingine wowote? Mwizi haachi risiti. Mnaotunza daftari za nani alichukua nini na lini ni ninyi, basi thibitisheni ninyi kwamba haikutoka kwenu.

Na soshali iondoeni madirishani. Kama chuma cha shingoni kiliweza kubadilika, skrini ya karani inaweza.

Kuna jambo jingine ambalo haligharimu hata senti 75. Baada ya wizi kama huu, barua huja ikiwa na sauti ya bima: kuna tukio, tunachunguza, hakuna ushahidi kwamba data zimetumika vibaya, piga namba hii. Nimezisoma za mashirika mengi, zinafanana kama mayai. Sisi tumefundishwa katika jeshi hilohilo kwamba ukipoteza bunduki yako unasimama mbele ya kikosi ukasema, nimeipoteza mimi. Hakuna askari anayeruhusiwa kusema kwamba bunduki ilipata tukio.

Kwa wenzangu mnaosoma, wakati tunasubiri wakubwa, fanyeni hili wiki hii: zifungeni rekodi zenu za mikopo. Tangu Septemba 2018 sheria inataka iwe bure, kwa makampuni yote matatu yanayotunza rekodi hizo, Equifax, Experian na TransUnion. Inachukua kama nusu saa, na unaweza kufungua mwenyewe siku unayotaka kukopa. Fungeni na za watoto, maana mtoto hana mkopo na hakuna anayemtazama. Ndiyo, najua, Equifax yenyewe iliibiwa 2017, data za watu wapatao milioni 147. Tunakabidhi kufuli kwa mlinzi aliyewahi kulala. Fungeni hivyohivyo. Na mtu akikupigia simu akajitambulisha kwamba anatoka kwa maveterani na anataka uhakikishe namba yako, mwambie utampigia wewe, kisha kata. Usione haya kumkatia mtu mzima simu.

Mheshimiwa, sina nia ya kumtukana mtu. Nchi hii imenipa uraia na shule, na goti langu limetibiwa vizuri na madaktari ninaowaheshimu. Ndiyo maana naandika badala ya kunung'unika kinyozini kama tunavyofanya Jumamosi. Pale kinyozini tuko watano, sare tulizovaa ni za miaka tofauti, na hakuna hata mmoja anayejua kwa hakika namba yake imepita mikono mingapi. Tunalisema hilo tukicheka, halafu anayenyolewa hunyamaza kidogo.

Nitaipeleka barua hii kwa posta pia, pamoja na tafsiri, ili isisemwe kwamba haikufika. Fomu zenu huniomba juu ya kila ukurasa jina la ukoo, herufi ya kwanza na nne za mwisho, na mkono wangu umezoea, ulishaanza kuziandika kabla sijauzuia. Nimezikata kwa wino mzito. Karani atakayeipokea aniwie radhi, nafasi hiyo ataikuta nyeusi.

Wenu,
Mwanajeshi mstaafu wa Jeshi la Nchi Kavu, mzaliwa wa Tanga